Ng'ombe Aliyejizaa Mwenyewe

Nakumbuka asubuhi ambayo printa ilinyamaza katikati ya orodha, na mimi, kijana wa miaka ishirini na mitatu, nikaipiga kofi ubavuni kama mtu anayemwamsha punda. Haikuamka. Mwanangu, nikikuona umeinama mbele ya kompyuta yako, kucha mdomoni, hutaki mtu akukaribie, huwa naisikia tena ile printa ikinyamaza. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nitakueleza kosa langu lote, hata sehemu ambazo kwa miaka mingi nilikuwa naziruka nikisimulia.

Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa karani wa chama cha wafugaji pale Silibwet. Kazi ya chama ilikuwa moja tu: kuwapandisha ng'ombe wa wanachama kwa mbegu za madume bora, zilizohifadhiwa kwenye tangi la baridi kali. Wakulima wetu wa chai na mahindi walikuwa wameanza kupenda ng'ombe wa maziwa mengi, na kazi ilikuwa haiishi. Lakini ilikuwa na hatari yake. Ukimpandisha ng'ombe kwa mbegu ya baba yake mwenyewe, ndama anaweza kuzaliwa dhaifu, na mkulima amepoteza mwaka mzima. Kwa hiyo ilibidi kujua ukoo wa kila ng'ombe: mama nani, baba nani, bibi nani.

Wafadhili wakatuletea seva. Usifikirie hizi nyembamba za siku hizi. Lilikuwa sanduku zito, lina kelele ya jiko la mafuta, na kulibeba kutoka kwenye gari kulihitaji wanaume wawili na mashauriano mengi. Wewe ungesema lilikuwa na hifadhidata, sisi tulisema tu "mle ndani." Ng'ombe wote wa chama walikuwa mle ndani. Kila asubuhi saa mbili seva ilifuata ukoo wa kila ng'ombe aliyetarajiwa kushika joto wiki hiyo, ikachagua dume asiye wa damu yake, ikachapisha orodha nyumba kwa nyumba. Kamau, mpandishaji wetu, aliikunja orodha hiyo, akaitia ndani ya koti, akawasha pikipiki.

Huyo Kamau alikuwa mkubwa kuliko mimi, mwana wa wazazi waliohama kutoka Mkoa wa Kati na kufungua duka la vifaa vya shamba pale sokoni. Alizungumza Kipsigis vizuri kuliko vijana wengi wa kwetu, na wakulima walimwita Daktari. Mimi aliniita Injinia, na hakuwa ananisifu.

Kwa kweli sikuwa injinia wa chochote. Hakuna aliyenifundisha. Nilikisoma kitabu cha maelekezo kilichokuja na seva mpaka jalada likang'oka. Nilikuwa nakificha kapuni, chini ya majani, baba asijue kwamba nimeketi kati ya michai nikisoma badala ya kuchuma. Na kwa kuwa nilijifunza peke yangu, niliishi na hofu moja usiku na mchana: kwamba siku moja atakuja mtu anayejua kweli, aniulize swali dogo tu, na wote waone kwamba mimi ni mchuma chai aliyevaa shati jeupe. Hofu hiyo ilinifanya niwe msafi kupita kiasi. Kalamu zangu zilipangwa kwa kufuata urefu. Nilinawa mikono kabla ya kugusa kibodi. Kamau alikuwa na kadi alizoandikia akiwa zizini, zimejaa samadi na matone ya mvua, nami nilipokwisha kuzinakili nilimwambia azichome. Sikutaka uchafu ule ofisini.

Sasa sikiliza nilichofanya. Jumamosi moja, chama kimefungwa, nilibaki peke yangu nikipitia kumbukumbu za mle ndani. Nikaona jambo lililonikera: ng'ombe walioandikwa mara mbili. Mwenye ng'ombe ni yule yule, jina la ng'ombe ni lile lile, ila nyumba mbili tofauti. Moja Silibwet, nyingine Mogogosiek. Moja Bomet, nyingine huko Chepseon. Walikuwa jozi thelathini na moja. Nikasema, makosa ya uandishi haya. Nikafuata kitabu, nikaunganisha kila jozi ikawa ng'ombe mmoja, mwenye mmoja, nyumba moja. Ilinipendeza kama kitanda kilichotandikwa. Kisha nikachukua tepu, ile moja tu tuliyokuwa nayo ya kuhifadhi nakala, nikaandika kumbukumbu mpya juu ya zile za zamani. Nilitaka hata nakala iwe safi. Nikafunga ofisi nikaenda nyumbani nikipiga mluzi.

Jumatatu printa ikanyamaza.

Ilichapisha mistari kumi na minane, ikasimama. Taa ya seva ilimeta na kumeta kama mtu anayefikiri sana, lakini hakuna kilichotoka.

"Injinia," Kamau akasema kutoka mlangoni, kofia ya pikipiki kichwani, "leo naenda wapi?"

"Subiri kidogo."

"Mimi nitasubiri. Ng'ombe hasubiri. Joto lake si kama stima, eti litarudi baadaye."

Nililaumu stima kwanza, kwa sababu huko kwetu mvua ya mawe ya mchana huikata karibu kila siku. Nikazima, nikawasha. Mistari kumi na minane. Nikalaumu vumbi, nikafungua sanduku, nikalipuliza kwa pampu ya baiskeli. Mistari kumi na minane. Jumanne nikalaumu waya wa printa, nikabadilisha. Nikalaumu programu yenyewe, nikaifuta na kuiweka upya, diski moja baada ya nyingine, jasho likinitoka kwa hofu ya kwamba moja itagoma. Hazikugoma. Na printa ikatoa mistari kumi na minane, mwanangu, ile ile, kama inanicheka.

Je, nilimwambia mtu kuhusu kazi yangu ya Jumamosi? Sikumwambia. Hapa ndipo huwa naruka. Si kwamba nilisahau. Kila nilipoikumbuka nilijiambia, ile ilikuwa usafi, na usafi hauharibu kitu. Moyoni nilijua kwamba jambo la mwisho nililogusa ndilo la kwanza kuchunguza. Hata kitabu kilisema hivyo, ukurasa wa tatu. Lakini kuchunguza hapo kungekuwa kukiri, na mimi nilikuwa tayari kufungua kila skrubu ya mashine ile kabla ya kujifungua mwenyewe.

Jumanne mchana mwenyekiti wetu, mzee Chumo, akaingia na fimbo yake. Alikuwa mpole, na upole wake ndio uliotisha.

"Kijana, Alhamisi wanachama wanakutana," akasema. "Wanataka kuona orodha ikitoka mbele ya macho yao. Isipotoka, mashine tunairudisha kwa wenyewe, tunarudi kwa kadi. Na wewe unarudi kwa chai ya babako. Si kwa ubaya. Karani wa mashine bila mashine ni nani?"

Nikarudi kufungua skrubu.

Jumatano asubuhi nilikuwa sakafuni, tumbo chini, nikiangalia nyaya kwa mara ya tatu, nilipoona viatu vya Kamau. Alikuwa ameshika kile kipande cha orodha.

"Injinia, hii ni mara ya ngapi inaishia kwa huyu mzee wa hapa mtoni?"

"Kila mara."

"Na baada ya mzee huyu, mimi huwa nakata kona naenda kwa nani?"

"Nitajuaje? Mimi siendeshi pikipiki."

"Ndiyo shida yako. Naenda kwa Kogo Tabelgaa. Kila wiki. Mashine inafika kwenye lango la Kogo, inakataa kuingia." Akanivuta mkono. "Simama. Shida haiko chini ya meza. Iko kwa Kogo."

"Ng'ombe hawezi kuzima kompyuta, Kamau."

"Basi twende tukamsingizie akiwepo."

Nilipanda nyuma ya pikipiki na shati langu jeupe. Tulipofika lilikuwa na rangi ya barabara. Kogo, ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kipsigis, alikuwa mjane mfupi aliyevaa sweta mbili, na alikuwa akimkwangua kupe ng'ombe mweupe mwenye baka jeusi shingoni.

"Chamgei, Kogo," tukamsalimu.

"Chamgei. Daktari, huyu uliyemleta ni mgonjwa? Amepauka."

"Huyu ndiye anayeweka ng'ombe wetu ndani ya mashine, Kogo."

"Eeh! Na wanapumulia wapi?"

Kamau alicheka mpaka akashika mti wa ua. Mimi nikatoa karatasi yangu, nikauliza kwa sauti ya ofisi kama huyo ndiye Chelel, ng'ombe wake.

"Huyu ndiye Chelel."

"Na mama yake anaitwaje?"

"Chelel. Ni jina la nyumba yao. Wote weupe, wote Chelel, tangu ng'ombe niliyekuja naye nikiolewa."

"Huyo mama alikufa lini?"

Kogo akaacha kukwangua. "Nani amemuua? Yuko Mogogosiek, anakula vizuri kuliko mimi. Mzee wangu, kabla hajafa, alimpeleka kwa rafiki yake. Rafiki anakunywa maziwa, ng'ombe ni wangu. Huyu binti aliletwa alipoacha kunyonya. Wewe ni mtoto wa watu gani hata hujui kimanagan?"

Mwanangu, hapo niliikunja karatasi yangu. Najua kimanagan. Nililelewa ndani yake. Mtu wa kwetu hawaweki ng'ombe wake wote zizi moja. Anampa rafiki mmoja huku, shemeji mmoja kule, wawatunze na kunywa maziwa. Ugonjwa ukija hauwamalizi wote, urafiki unakaa hai, na hakuna jirani anayejua hasa una ng'ombe wangapi. Baba yangu mwenyewe alikuwa na ndama kwa mjomba. Nilikuwa nimelijua hilo maisha yangu yote, na nikaliacha nje ya mlango wa ofisi kama viatu vyenye matope.

Zile jozi thelathini na moja hazikuwa makosa ya uandishi. Walikuwa ng'ombe na dada zao, na mmoja na binti yake, wametawanywa kwa desturi. Na mimi nilikuwa nimemuunganisha Chelel wa Mogogosiek na Chelel wa Silibwet wakawa mmoja. Kila asubuhi seva ilimuuliza Chelel: mama yako ni nani? Chelel. Na mama yake huyo? Chelel. Na mama yake huyo? Iliendelea hivyo, kwa uaminifu mkubwa, bila kuchoka, mpaka nilipoizima.

Nikamwambia Kogo ukweli wote pale zizini. Sijui kwa nini ilikuwa rahisi kumwambia yeye. Alinisikiliza, akaanza kutikisika mabega.

"Kwa hiyo umemfanya ng'ombe wangu ajizae mwenyewe!"

"Ndiyo, Kogo."

"Na hakuhitaji hata Daktari na sindano yake ndefu." Alicheka, akapangusa macho kwa kiwiko. Kisha akanitazama, na kicheko kikaisha. "Weri, kijana wangu, nikuulize. Siku ile unawaunganisha hao ng'ombe, uliuliza nani?"

Nikaanza kumweleza habari ya kitabu cha maelekezo.

"Uliuliza nani?"

"Hakuna, Kogo."

"Daktari anapita hapa kila wiki. Mimi niko hapa kila siku. Ng'ombe mwenyewe yuko hapa. Umekaa na mashine siku tatu unainyanyasa, na mdomo unao." Akaniwekea kile kikwangulio mkononi. "Mkwangue. Umguse kwanza huyo unayemwandika."

Nilimkwangua Chelel nikiwa na tai shingoni. Ndiyo, tai pia nilikuwa nimevaa.

Tulipokuwa tukirudi nilimuuliza Kamau, karibu nikilia, kama hakumbuki angalau baadhi ya yaliyokuwa kwenye zile kadi nilizomwambia achome.

"Nilikuambia nitazichoma," akasema juu ya kelele ya pikipiki. "Sikukuambia lini."

Zilikuwa dukani kwa mama yake, ndani ya gunia la mbolea. Mchana huo zilijaa mezani kwangu, na harufu yake ilikuwa tamu kuliko marashi. Nikamtenganisha Chelel na mama yake, nikaiagiza seva ichapishe. Printa ilipiga mistari kumi na minane, ikavuta pumzi, ikapiga wa kumi na tisa. Ikaendelea mpaka mwisho.

Kamau alinipiga mgongoni. "Injinia! Umepona!"

Lakini sikuwa nimepona. Bado kulikuwa na jozi nyingine thelathini, na kwa hizo, kadi ziliweza kunisaidia kwa nusu tu. Nyingine mvua ilikuwa imezila. Hao waliobaki, kwa kuwa walikuwa dada tu wala si mama na binti, hawakuisimamisha seva. Ilipita juu yao bila kusita, ikawapangia madume, na pengine ilikuwa ikimpangia ng'ombe wa mtu mbegu ya baba yake. Ndipo nikaelewa kwamba Chelel alikuwa amenifanyia hisani. Bila yeye orodha ingetoka vizuri kila asubuhi, imejaa uongo, nami ningetembea Silibwet kifua mbele.

Na shetani wangu akanong'ona: kesho orodha itatoka mbele ya wanachama. Nani atajua? Rekebisha polepole baadaye. Kazi utabaki nayo.

Alhamisi ofisi ilijaa kofia na fimbo. Akina mama walisimama dirishani. Kogo Tabelgaa alipewa kiti cha mbele kwa ajili ya umri wake. Nikaiwasha seva, na orodha ikatoka yote, ndefu kama kitambaa. Watu wakapiga makofi. Mzee Chumo akainuka, uso umechangamka, akakohoa kidogo kama afanyavyo mtu anayetaka kusifu.

Nilimwona Kogo akinitazama tu, hakupiga makofi.

"Mzee, kabla hujasema," nikasema, na sauti ilitoka nyembamba mno. "Orodha hii msiitumie. Ina makosa, na makosa ni yangu." Nikaeleza. Jumamosi, jozi thelathini na moja, tepu, yote. Nilipofika kwa ng'ombe aliyejizaa kicheko kilivunja mkutano, na mtu mmoja nyuma akauliza kama mbegu ya ng'ombe huyo inauzwa. Lakini nilipowaomba wenye ng'ombe waliobaki waniambie pale pale nani analala wapi, kicheko kilikatika. Wazee wakatazama dari. Nilikuwa nimewaomba wataje mbele ya majirani kile ambacho kimanagan ipo ili kisitajwe.

Mzee Chumo akatikisa kichwa. "Kijana, ng'ombe hahesabiwi hadharani. Mkutano umesimama kwa muda."

Nikarudi mezani nikijua nimekwisha. Mawingu meusi yalikuwa yameanza kupanda juu ya mashamba ya chai, na stima ingeondoka nayo wakati wowote. Nikasikia kitu kinagonga kioo cha dirisha la nyuma. Mzee mmoja, kofia imeshushwa mpaka nyusi.

"Wangu," akanong'ona, "yule wa Chepseon ni dada. Si ng'ombe yule yule. Andika upesi."

Hajamaliza, mwingine yuko nyuma yake, akijifanya anatazama mawingu. Kisha mama mmoja. Kisha wawili walioshtuka kukutana pale, wakasalimiana kama watu wazuri wa kanisa waliokutana klabuni. Waliondoka mmoja mmoja, na mimi nikaandika, nikatenganisha, nikaandika. Nikamwongezea kila ng'ombe sehemu mbili tofauti: mwenye, na anapolala. Wa mwisho dirishani alikuwa mwenyekiti mwenyewe.

"Nina wawili Mogogosiek," akasema bila kunitazama. "Ukimwambia ndugu yangu, nitakana."

Orodha mpya ilipotoka, mvua ya mawe ilikuwa imeanza kupiga mabati. Mstari wa mwisho ulipochapwa, stima ikakatika. Mzee Chumo aliichukua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, akaisoma yote, kisha akawageukia wanachama waliokuwa wamerudi ndani.

"Mashine inabaki," akasema. "Na huyu kijana abaki nayo. Ni yeye peke yake anayejua alipoiharibu."

Nilifanya kazi pale miaka mingi baadaye, mwanangu, na nikavunja vitu vingine, lakini sikuvivunja kimyakimya tena.

Basi hili ndilo ninalotaka ubaki nalo. Kitu kikikataa kufanya kazi, anza na ulichokigusa mwisho, hata kama ndicho unachokionea fahari; hasa hicho. Usiandike juu ya nakala yako pekee, na usimwambie mtu achome kadi zake kwa sababu zinanuka. Ukiona jambo ndani ya mashine limekaa ovyo, lisafishe baada ya kumuuliza aliyeko zizini, maana huenda huo unaouita uchafu ni maisha ya watu. Shukuru kosa linalosimamisha kazi, uogope lile linaloiacha iendelee. Na hofu yako ya kuonekana hujui, ambayo naifahamu kwa sababu bado ninayo nikiwa na mvi, ibebe ukaulize nayo. Haikatazi mdomo kufunguka.

Mungu akupe mikono isiyoogopa kuchafuka, na rafiki wa kukuhifadhia kadi ulizosema zichomwe. Akupe Kogo wa kukuuliza swali moja mara mbili. Nyumba yako isikose maziwa, ng'ombe wako walale salama popote ulipowaweka, na siku utakapokiri kosa lako mbele ya watu, asikose mtu wa kuja kugonga dirisha lako la nyuma.